Kioo Kikavu Alfajiri

Maandishi yanayochapwa kwenye boksi la darubini, kwamba haipitishi maji wala haishiki ukungu, ni ya kweli. Ila yanazungumzia ndani ya bomba tu. Nje, kwenye kioo cha mbele kinachotazama pori na kile cha nyuma kinachotazama jicho, hakuna kiwanda kilichofanikiwa kuuzuia umande usitue, na umande haubagui darubini ya laki moja na ya milioni tano. Mwindaji asiyelijua hilo huamka gizani, hutembea saa nzima kwenye majani yaliyolowa, hufika juu ya kichuguu wakati mwanga ndio kwanza unachomoza, huinua darubini usoni na kukuta weupe mtupu.

Nimeyaona hayo mara nyingi mno kwenye vitalu vya uwindaji, na tangu nilipohamia kazi ya kutembeza wageni wa kupiga picha, bado nayaona. Mgeni anakasirika, anaigeuza darubini huku na huku, anasema amepunjwa dukani. Halafu anachomoa shati na kuanza kusugua. Hapo ndipo hasara ya kweli inapoanza, maana ukungu ungeondoka wenyewe baada ya dakika chache, lakini mikwaruzo haiondoki. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu vijana wengi wanaoingia kazini hufundishwa nyayo, bunduki, sheria na majina ya ndege, na hakuna anayewafundisha namna ya kukiweka kioo kikiwa kikavu.

Mambo yote yanatokana na kanuni moja. Hewa ya joto hubeba maji mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ikiwa na nyuzi 20 inabeba kama 17. Ikiwa na nyuzi 10 haifiki hata 10. Hewa ikikutana na kitu cha baridi inapoa pale inapokigusa, na ikipoa kupita kiasi inachoweza kustahimili, maji ya ziada yanabaki juu ya kile kitu. Ndicho kinachotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kiwango hicho cha baridi ambacho hewa ikikifikia huanza kutoa maji tukiite kiwango cha umande. Kioo kikiwa na baridi kuliko kiwango hicho kitalowa, hata kiwe cha kampuni gani. Kikiwa na joto zaidi, hata kwa nyuzi moja au mbili, kitabaki kikavu. Kwa hiyo ukitaka kushinda ukungu, fikiria joto la kioo kwanza, na kitambaa baadaye sana.

Chukua mfano wa bonde la Kilombero mwezi wa Julai. Bonde liko chini, mita 300 hivi tu kutoka usawa wa bahari, milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili, na katikati mto na mabwawa na matete ya kufunika mtu. Maji yapo kila mahali. Tuseme kabla jua halijachomoza hewa ina nyuzi 16 na unyevu wa asilimia 95. Kiwango cha umande hapo ni kama nyuzi 15. Yaani darubini ikipoa kwa nyuzi moja tu chini ya hewa inayoizunguka, imekwisha. Na itapoa, ikilala nje. Watu wengi hudhani kitu kilicholala nje kinakuwa na joto lilelile la hewa. Sivyo. Usiku wa anga safi, kila kitu kinachotazama juu kinapoteza joto lake kuelekea angani, na bati, chuma na kioo hupoa haraka na kushuka chini ya joto la hewa kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana alfajiri boneti ya Land Cruiser inatiririka maji wakati ardhi chini ya mti ni kavu. Mti umelifunika eneo lake lisiione anga.

Mzee mmoja mfuata nyayo niliyefanya naye kazi huko hakuwahi kusoma haya popote, lakini aliyajua kwa vitendo. Jua likizama alikuwa anazunguka gari kabla ya kwenda kuota moto. Jioni moja kijana wa gari alikuwa anapanga maboksi, mzee akamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Darubini ya mgeni italala wapi?"

"Ipo hapo juu ya gari, mzee, na mikoba mingine."

"Iteremshe. Ikilala huko juu, asubuhi utafuta mpaka mbogo waingie matetini."

Aliivika soksi nzito ya sufu, akaiingiza kwenye mfuko wake wa turubai na kuutundika ndani ya hema karibu na mlango, mbali na kitanda. Niliuliza kwa nini asiiweke kitandani, penye joto zaidi. Akanionyesha ukuta wa turubai upande aliokuwa analala: asubuhi ulikuwa unadondosha matone ya pumzi ya usiku kucha. Hewa ya watu waliolala imejaa maji. Karibu na mlango kuna hewa ya nje, lakini kuna paa juu. Darubini inapata joto la hewa bila kupoteza lake kwenda angani. Sijapata kuona njia bora kuliko hiyo, na haigharimu chochote.

Asubuhi kuna hatua ya pili ambayo wengi huiruka. Darubini ya kuning'iniza shingoni ivaliwe kabla ya kutoka, ndani ya koti, juu ya sweta. Msisitizo wangu uko kwenye hayo maneno: ndani ya koti, juu ya sweta. Ukiiweka karibu na ngozi, jasho la kupanda mlima litailowesha kuliko umande. Ukiiacha ikining'inia nje ya koti, itapoa na kila hatua kwenye nyasi zenye maji itairushia matone. Katikati ya nguo mbili inakuwa na joto kidogo kuliko hewa ya nje, na ziada hiyo ndogo inatosha. Vifuniko vya mbele viwepo mpaka dakika ya kutazama. Ukimaliza kutazama, inarudi ndani ya koti. Usiishushe juu ya jiwe au juu ya paa la gari ukisema utaitumia tena baada ya dakika kumi.

Sasa pumzi. Ningeulizwa nini kinachofunga ukungu kwenye darubini nyingi zaidi porini, ningesema ni mtu mwenyewe. Hewa inayotoka puani ina joto la nyuzi 33 au 34 na imebeba maji yote inayoweza kubeba. Maana yake ni kwamba kioo chochote chenye baridi chini ya hapo kitalowa kikipuliziwa. Hapo haijalishi uko Kilombero au Karatu, asubuhi au saa nne. Na mtu aliyepanda mbio ili kuwahi kundi la nyati anahema, anainua darubini, pua iko chini kidogo tu ya vioo vya nyuma. Mgeni anaposema "imeshika ukungu tena!" mtazame anavyopumua. Dawa yake ni ndogo: vuta pumzi kabla ya kuinua, itoe kwa mdomo kuelekea chini, mdomo wa chini ukirudishwa nyuma kidogo, au igeuzie upande ambao upepo unaenda. Ukiwa umevaa barakoa au skafu kwa ajili ya vumbi au baridi, ishushe chini ya pua kabisa. Ikiwa puani inaipandisha pumzi yote juu, moja kwa moja kwenye vioo.

Jicho nalo hutoa maji, jambo ambalo watu hulisahau. Ukibana zile kola za mpira za darubini usoni, umefunga chumba kidogo chenye jicho lenye unyevu na ngozi ya joto upande mmoja, kioo cha baridi upande wa pili. Ndani ya nusu dakika kioo kimefifia. Ukiona pembeni mwa picha panaanza weupe unaoelekea katikati, hiyo ni dalili yake. Kunja kola za mpira nusu, au ziache zisiguse sehemu ya nje ya jicho, hewa ipite. Utapokea mwanga wa pembeni unaosumbua kidogo, ndiyo, lakini utaona. Kwa wanaovaa miwani, vita ni viwili, maana miwani yenyewe hufunga ukungu kabla ya darubini. Hao nawashauri wainue darubini wakiwa wametulia, na miwani isiwe imebanwa sana usoni.

Hali ya Ngorongoro ni ya aina yake, na inawashangaza hata madereva wazoefu. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,300, sakafu iko chini kwa takriban mita 600. Kule juu alfajiri ya Juni au Julai wingu linakuwa limelala barabarani. Huoni hata gari lililo mbele. Wageni wanapanda wakitetemeka, dereva anawasha kipasha joto, vioo vyote vinafungwa, watu sita wanapumua humo ndani. Darubini zilizolala kwenye vyumba vya baridi zinatolewa kwenye mabegi na kuwekwa mapajani. Zinalowa hapohapo, kabla hata hatujaanza kuteremka. Mnafika chini, faru yuko mbali, kila mtu anainua, hakuna anayeona. Mimi huomba darubini zibaki ndani ya mabegi yaliyofungwa zipu mpaka tufike chini, na njiani nafungua kioo kimoja kwa upana wa vidole vitatu. Wageni hulalamikia baridi. Nawaeleza sababu, na wakimwona faru kwa macho maangavu hawalalamiki tena.

Pwani na Rufiji hali ni kinyume: huko adui ni kiyoyozi. Mtu anatoka Dar es Salaam ndani ya gari lililopozwa mpaka nyuzi 20, darubini iko kwenye kiti. Nje kuna nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kiwango cha umande cha hewa hiyo ni nyuzi 26. Anafungua mlango, na kioo kiko chini ya kiwango hicho kwa nyuzi sita nzima. Hapo hakuna kitambaa kitakachosaidia. Unafuta, kinarudi mbele ya macho yako, kwa sababu kioo bado ni cha baridi. Njia ni mbili. Zima kiyoyozi robo saa kabla ya kufika na ufungue madirisha, darubini ipashwe na hewa ya nje polepole njiani. Au, ikiwa hilo haliwezekani, itie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu ukiwa bado ndani ya baridi, itoe nayo nje ikiwa imefungwa, uiache kivulini nusu saa. Umande utatua juu ya mfuko, na darubini itabaki kavu ndani. Ndugu zetu wanaowinda nchi za theluji hufanya hivyohivyo wanaporudi kutoka msituni kuingia nyumba yenye moto: darubini inafungwa mfukoni mlangoni, au inaachwa pahala pa baridi palipofungwa kwa kufuli mpaka kesho.

Na kama ukungu umeshatua na mnyama yuko mbele yako? Zungushia viganja vyote viwili kwenye bomba, karibu na kioo kilicholowa, uelekeze kioo kwenye upepo. Joto la viganja linatosha kukipandisha nyuzi chache kwa dakika moja au mbili, na upepo unayachukua maji. Usikipulizie kwa mdomo, unaongeza maji. Kama una kile kipulizo cha mpira cha wapiga picha, kitumie. Ukilazimika kugusa, tumia kitambaa laini cha kusafishia miwani, kikavu na kisicho na vumbi, kiguse kioo na kuinuliwa, bila kuburuta. Kwenye gari, upepo wa moto unaotoka chini ya kioo cha mbele utaikausha darubini upesi, ila iweke mbali kidogo, joto la vuguvugu na si la kuunguza.

Kwa nini nasisitiza habari ya kutosugua? Kwa sababu kile unachokigusa si kioo tu. Kioo kitupu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga kila unapopita kwenye uso wake mmoja. Ndani ya darubini kuna nyuso kumi na zaidi. Bila kinga, theluthi ya mwanga ingepotea kabla ya kufika jichoni, na alfajiri hiyo theluthi ndiyo tofauti ya kumjua dume na jike. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi kwa Zeiss huko Jena, Ujerumani, alibuni namna ya kupaka kioo tabaka jembamba linalopunguza hasara hiyo. Tabaka la namna hiyo unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Angalia darubini yako kwa pembeni kwenye mwanga: ule mng'ao wa kijani au zambarau ndio huo. Shati lililotembea porini siku tatu limejaa chembe za mchanga mgumu, na vumbi la Selous au la Rungwa halina huruma. Kila msuguo unaondoa kidogo cha kile ulichokilipia.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono ushauri wa mate na dawa ya meno. Wapiga mbizi wa Zanzibar hutemea mate ndani ya miwani ya majini na wakasuuza, na inafanya kazi, kwa kuwa mate yanafanya maji yatandae kama utando badala ya kukusanyika matone, na kile ni kioo kitupu kisicho na tabaka. Darubini si hivyo. Mate yana protini na sukari ambazo kuvu huzipenda, na dawa ya meno ina chembe za kukwangua. Sabuni ya vyombo, tone moja lililosambazwa mpaka lisionekane, itamsaidia mwenye miwani ya macho isiyo na tabaka maalumu. Kwenye darubini ningeitumia pale tu ambapo hakuna njia nyingine, na ningeisafisha siku hiyohiyo. Kuna vimiminika na vitambaa vya kuzuia ukungu vinavyouzwa. Chagua vile vilivyoandikwa kuwa ni vya lensi zenye tabaka, paka kioo kikiwa safi, na ujue kuwa nguvu yake inaisha baada ya kufutwa mara chache. Na usichanganye na zile lensi zinazosifiwa kuwa maji ya mvua huteleza juu yake. Hizo husaidia mvuani, maana tone linakuwa dogo na linaanguka, lakini umande bado unatua.

Nimezungumzia darubini ya shingoni. Ile ya bunduki ina uzito mwingine kabisa, kwa sababu mwisho wa safari yake ni risasi. Bunduki inabebwa begani, bomba la chuma limelala wazi, baridi limeingia mpaka ndani, na mpigaji anaposhusha shavu kwenye kitako pumzi yake inatua moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma. Vifuniko vya kufyatuka vya pande zote mbili ni lazima, na kile cha nyuma kifunguliwe mwisho. Mpigaji ashike pumzi kabla ya shavu kufika, si baada. Kama bunduki ina nafasi ya kulenga kwa vyuma vya kawaida, na darubini inatoka kwa urahisi bila kupoteza ulengaji wake, afanye mazoezi ya kuitoa kabla ya msimu, kwenye uwanja wa shabaha, na ajue umbali ambao macho yake peke yake yanatosha. Kwa mbogo umbali huo mara nyingi ndio umbali wa kupigia hata hivyo.

Na kama picha ina ukungu, hata kidogo, hata kama mgeni amelipa fedha nyingi na leo ni siku yake ya mwisho, risasi haitoki. Hapa sina mjadala na mtu. Ukungu haufichi tu mnyama, unafifisha kingo zake. Bega linaungana na tumbo, jike aliyesimama nyuma anaungana na dume aliye mbele. Mbogo aliyepigwa tumboni ataingia matetini, na watakaomfuata ni wafuata nyayo, baba za watu, kwa miguu, mahali ambapo huoni hatua tano mbele. Naye mnyama atateseka saa nyingi, labda siku. Mwindaji anayejiheshimu anashusha bunduki, anasema "sioni", na anaondoka. Nimefanya kazi na wawindaji bingwa walioweka mkono juu ya bomba la bunduki ya mgeni na kuishusha wenyewe. Niliwaheshimu kwa hilo kuliko kwa pembe zozote.

Turudi ndani ya bomba, maana huko ndiko ugonjwa mkubwa uliko. Ukifuta vioo vyote viwili, ukavipasha joto, na bado weupe haujaondoka, basi maji yako ndani. Darubini nzuri za siku hizi hutolewa hewa ya kawaida kiwandani na kujazwa nitrojeni kavu au agoni, kisha kufungwa kwa pete za mpira. Nitrojeni si dawa ya ajabu. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo hiyo. Faida yake ni ukavu. Hakuna mvuke ndani, kwa hiyo hakuna cha kugeuka maji. Inasimuliwa kwamba Marcus Leupold, wa kampuni ya familia yake huko Portland, Oregon, alimkosa kulungu kwa sababu darubini ya bunduki yake ilikuwa imefunga ukungu, akaamua kutengeneza ya kwake. Mwaka 1947 kampuni hiyo ikatoa ya kwanza, na ikawa miongoni mwa waliosambaza desturi ya kujaza nitrojeni. Kabla ya hapo wawindaji wengi walizoea kuishi na tatizo hilo.

Pete za mpira huchakaa. Na darubini isiyofungwa sawasawa hupumua. Iache juu ya dashibodi, jua la mchana liipandishe kutoka nyuzi 10 mpaka 40: hewa ya ndani inatanuka kwa kiasi cha moja ya kumi, nayo inajipenyeza kutoka. Jioni inapopoa inanyonya hewa nyingine kurudi ndani, na hewa ya jioni kando ya mto imejaa unyevu. Fanya hivyo msimu mzima na umejenga kisima kidogo humo ndani. Zile darubini za zamani ambazo vioo vya nyuma vinaingia na kutoka unapozungusha gurudumu la katikati ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa kila kuzungusha ni kuvuta hewa. Kwa hiyo hata kama darubini yako ni ya bei, dashibodi si mahali pake. Na vile vifuniko vya vidude vya kurekebishia shabaha kwenye darubini ya bunduki, usivifungue mvuani; kwenye baadhi ya aina, hivyo ndivyo vinavyozuia maji.

Ikishaingia maji, usiifungue kwa bisibisi na usiianike juani ukidhani itakauka. Joto la ghafla linayatawanya maji kwenye vioo vyote na kulegeza gundi. Tafuta kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, ulijaze vile vijipakiti vya punje za silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, uiweke humo wiki moja au mbili. Mchele haufai. Unanyonya kidogo mno, na vumbi la wanga linaingia kwenye mikunjo. Punje za silika zikishiba unazirudishia nguvu kwa kuzipasha moto mdogo wa nyuzi kama 120 kwa saa mbili hivi, zikiwa zimemwagwa nje ya pakiti. Zile zinazobadilika rangi zinakuambia zenyewe zimeshiba, lakini zile za bluu zinazogeuka waridi zina kemikali yenye sumu, kwa hiyo zisipashwe kwenye sufuria ya chakula. Yote haya yanakupa nafuu ya muda. Pete isipobadilishwa na nitrojeni kujazwa upya na fundi mwenye vifaa, unyevu utarudi.

Ukiupuuza, kuvu huota. Kwa wanaoishi Tanga, Dar, Mombasa, Lamu au Unguja hili ndilo tatizo kubwa kuliko ukungu wa alfajiri wenyewe. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa wiki kadhaa, gizani, ndani ya mkoba wa ngozi, nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui zinaanza kutambaa kwenye kioo, na zina asidi inayokila. Hata fundi akizifuta, alama hubaki. Mkoba wa ngozi unapendeza lakini unahifadhi maji. Utumie safarini, si kabatini. Nyumbani, kopo lile lile la plastiki lenye silika, na mara moja moja darubini itolewe ikae asubuhi kwenye hewa na mwanga.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko darubini nyingi ziko mikononi mwa askari wa hifadhi, waongoza wageni na watazama ndege, na nyingi zimepita mikono mitatu au minne. Kwetu Arusha ni hivyohivyo: mgeni anamwachia dereva wake, dereva anamuuzia mwenzake. Si vibaya kununua ya mkononi, ila ikague. Geuza darubini, uwashe tochi ya simu upande mmoja na uchungulie kwa mshazari upande wa pili, kwenye kioo kikubwa. Vumbi dogo si kitu. Nyuzi, madoa ya mviringo, au utando wa maziwa ni sababu ya kuirudisha. Kisha omba chupa ya maji iliyoganda kwenye friji, uiegemeze kwenye kioo cha mbele dakika kumi, ufute nje na utazame tena kwa tochi. Ukiona mvuke umetanda upande wa ndani, pete zimekwisha na nitrojeni imetoka zamani, hata kama ganda la nje linang'aa. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu ufanye hivyo mbele yake. Akikataa, nenda kwa mwingine.